Bafu Alilonipimia Mkwe Wangu

Watu huniuliza mengi kuhusu mwaka ule ambao miguu yangu ilinigomea, lakini swali wanalolitaka hasa huwa hawaliulizi. Huzungukazunguka. Huuliza kama nilikuwa na maumivu mengi, kama niliomba, kama mzee wangu alinivumilia. Juzi pale kliniki mwanamke mmoja aliyekuwa akimsukuma dada yake kwenye kiti cha magurudumu aliinama akaninong'oneza sikioni: "Mama, samahani, na kuoga huwa unaogaje?" Nusura nimkumbatie. Nilimweleza mpaka jina langu likaitwa, na nilipotoka kwa daktari nikamkuta bado ananingoja, basi tukaendelea tulipoachia. Haya ninayoandika ni yale niliyomwambia, pamoja na machache niliyoona haya kuyasema mbele ya foleni.

Mimi ni mke wa Mutua, karani wa reli. Tuliishi Makongeni, kwenye nyumba za wafanyakazi, na yetu ilikuwa na vyumba viwili, jikoni pa kujipenyeza, na ua mdogo wa nyuma wenye choo na bafu. Choo kilikuwa cha kuchuchumaa. Bafu lilikuwa chumba cha simiti kisicho na kitu ila tundu la maji machafu na kizingiti cha kuzuia maji yasimwagike uani. Kila asubuhi nilikuwa nikikaanga maandazi ya kuuzia wafanyakazi wa karakana, na Jumamosi nikiwapikia muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa tunayoyapenda sisi Wakamba. Nilikuwa mwanamke wa kuinua karai la unga kwa mkono mmoja huku nikimkemea mtu, wala sikuwahi kuufikiria mwili wangu. Ulikuwa ukifanya kazi tu.

Mgongo ulianza kuuma mwezi wa Aprili, mwaka wa tisini na saba. Nikasema ni ndoo za maji. Nikapakwa mafuta, nikajifunga leso kiunoni, nikaendelea na maandazi. Kufikia Juni nguo zilikuwa zimeanza kunipwaya, na Mama Njeri, jirani yangu wa mlango wa tatu anayeuza mboga sokoni, akanisifu kwamba nimepunguza mwili vizuri. Nilifurahi, mjinga mimi, nikapeleka sketi mbili kwa fundi zipunguzwe. Julai, katika ile baridi ya Nairobi, niliinuka kigodani nitoe maandazi kwenye mafuta na mguu wa kulia haukuja. Nilikaa chini polepole, mwiko mkononi, nikamwita Mutua aje azime stovu kwanza, halafu ndipo aniangalie mimi.

Hospitali ile kubwa ina mabenchi marefu, na kila mgonjwa mmoja akiitwa, benchi zima husogea nafasi moja. Mimi sikuweza kusogea. Mutua alinizungushia leso kiunoni, na kila benchi liliposogea alinivuta kwayo, nami nikateleza. Siku ya tatu ya mchezo huo watu walikuwa wameanza kutuhesabia: moja, mbili, vuta. Mzee mmoja aliyeketi nyuma yangu alimwuliza Mutua anafanya kazi wapi, na aliposikia ni reli akasema ndiyo maana anajua kuvuta mabehewa. Nilicheka mpaka mgongo ukaniadhibu.

Nikaambiwa ni kifua kikuu kilichoingia kwenye mifupa ya mgongo. Nilibisha, maana sikuwa nimekohoa hata siku moja. Daktari, kijana mwenye macho ya kukosa usingizi, hakubishana nami. Alisema ningedungwa sindano kila asubuhi kwa miezi miwili, nimeze vidonge kwa mwaka mzima, na kuhusu miguu akasema inaweza kurudi yote, au nusu, tungoje. Hilo neno tungoje nililichukia kuliko sindano zenyewe.

Wodini nilihesabu siku kwa sindano. Kufikia ya kumi matako yalikuwa yamevimba, nikiomba wabadilishe upande. Kufikia ya ishirini vidonge vilikuwa vimeugeuza mkojo ukawa rangi ya soda ya machungwa, na mwanamke wa kitanda cha pili akanilaumu kwamba nimekunywa soda bila kumgawia. Kufikia ya thelathini mapaja yangu yalikuwa yamekwisha. Nilikuwa nikiyapapasa chini ya blanketi nisiyatambue, na niliyalilia, sioni aibu kusema hivyo. Lakini alikuwapo pia mama wa kufagia, aliyekuwa akinijia na kikombe cha chai moto kabla ya chai ya wodi, akaketi ukingoni mwa kitanda akanisimulia ugomvi wake na wifi yake. Kwa dakika hizo kumi nilikuwa mtu wa kusikiliza umbea kama mtu mwingine yeyote. Siku ya sindano ya hamsini na tatu, kidole gumba cha mguu wa kushoto kilicheza. Nilimwita nesi, nikamwita mama wa kufagia, nikawaita wote waliokuwa karibu, na wote wakakikodolea macho kidole hicho mpaka kikacheza tena.

Wiki hiyohiyo Mutua alikuja na kaka yake, mzee Nzioka, kutoka nyumbani upande wa Machakos. Nzioka si mtu mbaya, na ninataka hilo lijulikane mapema. Alileta mapapai. Alikaa, akanipa pole, halafu akasema wamezungumza, yeye na mdogo wake: nikitoka hospitali nipelekwe nyumbani, mke wake na binti zake wanihudumie. Mutua huingia kazini asubuhi na mapema, na binti yetu wa pekee, Mwikali, ameolewa na ana kwake. Nani ataniogesha? Nani atanipikia?

"Nairobi hakuna watu, shemeji," akaniambia. "Kuna majirani tu."

Mutua alikuwa akiyaangalia mapapai. Nilielewa kwamba jambo limekwisha kuamuliwa, na nikashikwa na hofu ambayo hata siku ile mguu ulipogoma sikuwa nayo. Nyumbani ningetunzwa vizuri, sina shaka. Ningeogeshwa, ningelishwa, ningeanikwa juani na kurudishwa kivulini. Ningekuwa mgonjwa wa ukoo. Mume wangu angebaki Makongeni peke yake, tuonane mwisho wa mwezi, na hata nikipona nisingejua tena namna ya kurudi kwenye nyumba yangu. Nikamwuliza Nzioka: nikiweza kuoga mwenyewe na kupika mwenyewe, bila kushikwa na mtu, nibaki? Alifikiri sana, maana ni mtu wa haki. Akasema atakuja na pikapu wakati wa Krismasi kunichukua, na akinikuta ninaoga na kupika, atarudi nayo tupu.

Nilitoka hospitali mwezi wa Oktoba, wakati ile mvua ya El Nino inaanza. Kanisa lilikuwa limenipatia kiti cha magurudumu. Nilisukumwa nacho kwa shangwe, nyumbani, jikoni, uani, mpaka kwenye kizingiti cha bafu, kikasimama hapo. Kizingiti chenyewe hakizidi kimo cha tofali moja. Nimekipita miaka kumi na tano bila kujua kwamba kipo.

Basi akawa ananiogesha Mutua. Aliniketisha kwenye kigoda ndani ya beseni katikati ya chumba cha kulala kabla hajaenda kazini, akaniosha jinsi anavyoosha baiskeli yake: kutoka juu kwenda chini, haraka, na maji ya mwisho ni ya baridi. Nilipomwambia, akasema basi nijioshe. Asubuhi moja nilimteleza mkononi, akapandisha sauti kwamba si nikae vizuri, nami nikamtupia sabuni ikampata kwenye tai. Akainama kuiokota. Kisha nikaona mabega yake yanatetemeka, nikajua analia, na mimi nikalia humo ndani ya beseni. Alichelewa kazini siku hiyo. Ninayaandika haya kwa sababu wanaouguza wagonjwa huja kuniambia kwamba wamekuwa watu wabaya, wamemfokea mtu asiyeweza kusimama. Huwa nawaambia wamechoka tu, wamwombe jirani akae na mgonjwa jioni moja, wakalale.

Fundi tulikuwa naye katika familia. Kioko, mume wa Mwikali, ni mwashi, na miaka ile alikuwa akijenga nyumba mpya kule mtaa wa Fedha, bafu baada ya bafu, vigae na mabomba. Mutua alikwenda kwa msimamizi wa nyumba zetu kuomba ruhusa, akaambiwa tufanye tutakavyo mradi tusiguse ukuta wa nje. Kilichobaki kilikuwa tatizo moja tu, nalo ni kwamba Kioko alikuwa mkwe wangu.

Asiyetoka kwetu nimweleze. Kwa Wakamba, mama mkwe na mume wa binti yake wana nthoni kati yao, yaani haya na heshima pamoja. Hawaketi chumba kimoja wakala, hawatazamani usoni, hawashikani mikono, na wakikutana njiani mmoja huchepuka. Chumba ninacholala haruhusiwi kukanyaga, sembuse ninapooga. Sisi wa kanisani tulijidai kwamba mambo hayo tuliyaacha kijijini, lakini kwa miaka minne tangu harusi Kioko akija alikula uani, na mimi nilimjua kwa visigino. Jina lake sikulitaja. Nilimwita huyo wa Mwikali.

Mpango ukawa hivi. Kila Jumamosi kabla Kioko hajafika nilisukumwa kwenda kwa Mama Njeri, nikakaa huko mpaka jioni. Maswali ya fundi yaliletwa na Mwikali, na majibu yangu akayarudisha yeye, akipita kwenye mvua na beseni kichwani badala ya mwavuli. Kizingiti kivunjwe? Kivunjwe. Benchi la kukalia liwe upande gani? Wa kushoto. Lakini urefu wa benchi, na kimo cha vyuma vya kushikilia, hayo Kioko hakuweza kuyauliza, maana kuulizia mguu wa mama mkwe kutoka goti mpaka kisigino ni maneno ambayo asingeyatamka hata mbele ya mke wake. Akafanya alichoweza. Alimketisha Mwikali juu ya kreti ya soda, akampima yeye.

Mama Njeri aliposikia aliweka kisu chake cha kukatia sukuma wiki chini. Alikuwa amezaliwa Murang'a na kukulia Pumwani, na alikuwa na maoni juu ya kila kabila, la kwake likiwa la kwanza.

"Haki Mama Mwikali, mimi nikishonesha nguo, fundi ananipima mimi," akasema. "Hapimi dada yangu."

Nilimwambia mambo ya Wakamba hayaelewi, na sukuma wiki yake inakauka. Binti hufanana na mama, nikasema. Ila Mwikali amechukua kimo cha baba yake, ananipita kichwa kizima, na tena Mwikali akikaa, miguu yake humsukuma na kumzuia bila yeye kujua. Yangu ilikuwa imelala. Hakuna aliyelifikiria hilo kati yetu wote. Tulikuwa tumeshughulika na heshima.

Simiti nayo ilikataa kukauka kwa sababu ya mvua. Kioko aliezeka nailoni juu ya bafu, akawasha jiko la makaa ndani, akawa anaigeuzia moto upande huu na upande huu siku mbili nzima. Jumamosi ya mwisho ya Novemba nikaletewa habari kwamba liko tayari. Nilipoliona nilistaajabia uzuri wake. Kizingiti hakikuwapo tena, mahali pake pana mteremko laini wa simiti. Mlango ulikuwa umepanuliwa na kutundikwa pazia la nailoni. Kulikuwa na benchi ukutani na vyuma viwili vinavyong'aa. Mutua alikuwa kazini. Nilimwambia Mwikali aniwekee ndoo ya maji moto, anisukume mpaka ndani, kisha aende zake dukani, maana nilitaka kuwa peke yangu. Nilikuwa nimekaa miezi minne bila kuwa peke yangu.

Nilivua nguo kwenye kiti. Nikashika chuma, kilichokuwa juu kiasi cha kuning'iniza bega, nikajivuta kwa nguvu zote mpaka kwenye benchi. Nilifika. Lakini benchi lilikuwa refu kwenda juu, miguu yangu ikabaki hewani haigusi chini, na nilipoinama kuchota maji, sabuni mwilini, nikateleza polepole, bila haraka yoyote, nikakaa sakafuni katikati ya benchi na ukuta wa pili. Sikuumia. Nilikwama tu. Nikamwita Mwikali, nikakumbuka nimemtuma mwenyewe.

Uani alikuwapo mtu mmoja, aliyerudi bila mimi kujua, akichanganya simiti ya kazi ya jikoni. Nikasikia sepetu ikisimama.

"Mama, umeumia?"

Yalikuwa maneno ya kwanza Kioko kuniambia tangu aoe kwangu. Nikamjibu sijaumia, aniinue. Chini ya pazia niliona viatu vyake vya mpira. Vikaja hatua moja, vikarudi. Vikaja tena, vikarudi.

"Mama, siwezi," akasema, na sauti ilikuwa ya mtu anayelia. Koti lake likarushwa juu ya pazia likaniangukia, kisha nikasikia viatu vikikimbia kwenye maji kwenda kumtafuta Mama Njeri. Naye alikuwa sokoni. Kwa hiyo nililala pale chini ya koti la mkwe wangu, lenye harufu ya simiti na tumbaku, nikiyatazama mabati, mpaka Mwikali aliporudi na paketi ya sukari. Sikumkasirikia Kioko. Nilichoona waziwazi, pale chini, ni kwamba ilikuwa imebaki kama wiki tatu, na kwamba Nzioka akija atanikuta hapohapo sakafuni.

Kesho yake baada ya kanisa niliwaita wote. Nilivaa gauni langu la kanisani, nikaketi kwenye kiti changu katikati ya sebule, Mutua kulia, Mwikali kushoto. Kioko alikuwa uani, ameegemea ukuta wa bafu lake, hajala tangu jana. Nikamwita kwa jina. Nikamwambia aingie na tepu.

Mutua alisimama. Alisema watu wa nyumbani wakisikia watasema nini, kwamba tumekaa Nairobi mpaka tukasahau sisi ni nani. Hakuwa na hasira, alikuwa na woga. Nilimwelewa, lakini nilikuwa nimeshalala sakafuni.

"Hiyo haya ni ya kuniheshimu mimi, sivyo?" nikamwuliza. "Basi mwenye kuheshimiwa ndiye anayeomba. Nataka nipimwe."

Mutua aliketi. Kioko hakuingia. Alitoka kwa lango la nyuma, na nikafikiri tumempoteza. Baada ya robo saa akarudi, amelowa, na leso mpya mkononi, bado ina mikunjo ya dukani. Wazee wetu husema nthoni hulegezwa kwa zawadi, na sijui kama Kioko aliwaza hilo au aliwaza tu magoti yangu. Aliingia akitazama chini, akapiga goti, akaifungua ile leso na kunifunika nayo kuanzia kiunoni mpaka miguuni. Ndipo akatoa tepu.

Alinipima juu ya leso, kisigino mpaka nyuma ya goti, kiti mpaka kiwiko, mkono ukinyooshwa mbele na ukinyooshwa kando, na kila kipimo akamtajia Mwikali aandike. Mwanzo alikuwa akinong'ona. Kisha, sijui ni wapi, ufundi ukaishinda haya. Aliuliza nikivuta navuta kwa mkono upi. Akaniambia nijaribu kujiinua kwenye ukingo wa meza, akachuchumaa akiangalia kiwiko kinalegea wapi. Akasema, karibu kwa ukali, kwamba mkono wangu wa kushoto ndio wenye nguvu na mbona hakuna aliyemwambia. Mwikali akaanza kucheka. Nami nikamtazama mkwe wangu usoni kwa mara ya kwanza. Ana mwanya. Miaka minne, na sikujua kwamba binti yangu ameolewa na mtu mwenye mwanya mzuri namna ile.

Alivunja benchi lote kwa nyundo. Lile jipya lilikuwa chini kwa shubiri nzima, sawasawa na kiti changu, ili nihame kwa kuteleza badala ya kupanda, na juu yake hakulilainisha, aliliacha na mkwaruzo kidogo ili sabuni isinishinde. Vyuma vikahamia kushoto, kimo cha kiwiko. Ndoo ikapata jukwaa lake la matofali pembeni mwa benchi, nisiiname. Choo cha kuchuchumaa kiliwekewa kiti cha mbao kilichotobolewa, ambacho Mutua alikikata mwenyewe na kusahau kukipiga msasa, na sitaeleza nilivyogundua.

Jikoni palikuwa na maajabu yake. Wengi hufikiri mtu wa kiti cha magurudumu anahitaji kila kitu kishushwe, lakini mimi nilikuwa napika kwenye kigoda, jiko likiwa sakafuni, na sasa sakafu ilikuwa mbali mno. Kwangu kila kitu kilipandishwa. Kioko alijenga meza ya simiti juu ya kuta mbili fupi, chini iko wazi magoti yaingie, na juu yake stovu na jiko la makaa. Tatizo likabaki ugali, maana ugali husongwa kwa nguvu na sufuria inataka kushikwa. Zamani nilikuwa nikiibana kwa vijiti viwili na kuvikanyaga kwa miguu. Kioko aliomba nimwonyeshe nisongavyo, na nikasonga hewa mbele yake, wote tukiwa makini kabisa. Wiki iliyofuata alileta pete ya chuma yenye meno matatu, akaifunga mezani, sufuria ikakaa ndani yake, haiendi popote. Mama Njeri aliitazama akasema na yeye anaitaka, na miguu yake ni mizima.

Nilioga mwenyewe siku ya Jumatano katikati ya Desemba, mchana, mvua ikipiga mabati. Nilihama kwenye benchi, miguu ikagusa chini, nikachota. Nilijimwagia maji kichwani, na hakuna mtu aliyeniharakisha. Niliosha kila kidole cha mguu, hata visivyosikia. Nilirudia. Nilikaa humo mpaka maji yakapoa, nikakaa tena. Mutua alirudi kazini akaja uani na kuuliza nje ya pazia kama niko salama.

"Kuna mtu," nikamjibu, kama mtu yeyote aliye bafuni. Nilimsikia akicheka peke yake huko nje kwa muda mrefu.

Siku hizi mguu wa kushoto umerudi, wa kulia umerudi nusu, natembea ndani kwa fimbo na nje kwa kiti. Lakini nikiulizwa nilipona lini, huwa sitaji siku niliyosimama, ambayo ilikuwa mwaka uliofuata, mbele ya daktari. Nataja siku hiyo ya bafuni. Na wewe unayesoma ukiwa na mgonjwa nyumbani, fundi yeyote atafaa, na kama hana vigae atumie simiti, lakini apime mwili utakaooga humo, si wa dada wala wa binti. Hata kama kuna haya. Hasa kama kuna haya.

Nzioka alikuja siku mbili kabla ya Krismasi. Barabara za Ukambani zilikuwa zimekatika hapa na pale, na pikapu aliyoazima ilikuwa na tope mpaka kwenye kioo. Nyuma aliweka godoro, chini ya turubai, la kunilaza. Nililiona kupitia dirisha la jikoni huku nasonga ugali, mwiko ukasimama. Nikausonga tena.

Alikaribishwa, akapewa kiti, akazungushwa uani na Mutua kuonyeshwa bafu. Alikaa humo muda. Nilisikia akigonga simiti kwa fimbo yake. Aliporudi aliiegemeza fimbo ukutani, akakaa. Chakula kilikuwa tayari, kuku na ugali na sukuma wiki ya Mama Njeri, aliyekuja kusaidia na kukatazwa. Nikaweka beseni mapajani, taulo begani, jagi la maji moto mkononi, nikajisukuma kwa mkono mmoja kuwanawisha wageni, jinsi mwenye nyumba anavyofanya. Nilianza na Nzioka. Alinawa taratibu, akinitazama nywele, ambazo zilikuwa bado mbichi.

"Nani amekuogesha?" akauliza.

"Sabuni," nikasema.

Nikaenda kwa Mutua, nikaenda kwa Mwikali. Kioko alikuwa amesimama kwenye mlango wa kutokea uani, sahani yake tayari mkononi, kama alivyofanya miaka minne. Nikajisukuma mpaka mbele yake na beseni langu, nikasimama hapo. Alinitazama, kisha akamtazama mzee juu ya kichwa changu. Jagi lilikuwa zito. Nilikuwa nimempa mgongo Nzioka, sikuweza kumwona uso.

"Mkwe, weka sahani chini unawe," akasema mzee nyuma yangu. "Huyu mama haendi mahali, lakini maji yanapoa."

Kioko akaweka sahani chini, akanyoosha mikono yake yenye mistari ya simiti, nami nikammiminia.